Reli ya Nachingwea na Reli ya TAZARA

SWALI: Baba yangu mdogo, mstaafu wa TAZARA hapa Mbeya, hushikilia kwamba kabla ya TAZARA kusini mwa nchi kulikuwa na reli nyingine iliyong'olewa, na kwamba vyuma vyake ndivyo vilivyotandikwa kutoka Mlimba kupanda Makambako. Je, ni kweli? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Reli hiyo ilikuwepo, na tunamshukuru baba yako mdogo kwa kuendelea kuisimulia, maana imesahaulika mno. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili mazao ya Nachingwea yafike baharini, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Na kwa kuwa meli kubwa zilihitaji kina kirefu zaidi, ikaamuliwa kujenga bandari mpya Mtwara na kuipeleka reli huko.

Karanga, hata hivyo, zilishindwa mapema. Kongwa, udongo wa mfinyanzi ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka, na visiki na mizizi viliharibu matrekta kabla hata ya kupanda. Januari 1951 mpango ukaachwa, ilhali bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, wakati shehena iliyokusudiwa haipo tena. Reli ikabaki kutegemea korosho, mkonge na ufuta, mizigo ambayo haikutosha kulipa gharama zake, hadi ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa.

Kwa maoni yetu, kilichoiua zaidi ni kuishia shambani: haikufika hata Songea, seuze Njombe au Mbeya, ambako mahindi, chai na kahawa vingeipa mzigo wa kudumu.

Kuhusu vyuma, hapana. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, miaka kadhaa baada ya njia ya Nachingwea kung'olewa, na reli zake zililetwa kwa meli kutoka China hadi Dar es Salaam, kisha zikatandikwa kuelekea bara, kupitia Mlimba, Makambako na Mbeya, hadi kuvuka mpaka wa Zambia mwaka 1973. Hata upana wa njia ni tofauti: ile ya Nachingwea ilikuwa milimita 1,000, na TAZARA ni milimita 1,067.