Maswali na majibu: kwenye laptop inakubali, ikipanda klaudi inagoma

Wiki hii maswali karibu yote ni ya Cloud Run, huduma ya Google inayoendesha apu yako klaudi ndani ya kontena (boksi lenye apu na kila inachohitaji), sijui nani kawatuma huko kwa mkupuo, ila poa. Naanza na lile ambalo mmeliuliza wengi.

Kaka, apu yangu ya Flask (ile ya kutengeneza wavuti kwa Python) kwenye laptop inapiga kazi freshi, nikidiploi, yaani nikiipandisha klaudi, inaniletea maneno mekundu eti kontena imeshindwa kuwaka na kusikiliza poti 8080. Nimefuta nimerudia mara sita.

Mara sita zote umerudia kosa lile lile, pole sana. Angalia pale unapowasha seva, naweka dau umeacha 127.0.0.1 na poti 5000 kwa sababu ndivyo Flask inavyokuja yenyewe. Sasa 127.0.0.1 maana yake apu inasikiliza ndani ya chumba chake tu, Cloud Run iko mlangoni inapiga hodi mpaka inachoka inaondoka zake. Weka 0.0.0.0, yaani isikilize hata wanaotoka nje, na namba ya poti usiiandike kwa mkono, isome kwenye env (thamani apu inayopewa kutoka nje ya kodi) iitwayo PORT ambayo Cloud Run inakuwekea yenyewe, kawaida huwa 8080 lakini wewe isome tu.

Halafu kuna mtego mwingine hapo hapo kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga kontena, na huu ulinikesha mimi usiku mzima. Mstari wa CMD, ule unaowasha apu, ukiuandika kwa mabano ya mraba, hakuna sheli inayogeuza $PORT kuwa namba, kwahiyo gunicorn (seva inayoiendesha apu yako) inapewa neno $PORT kama lilivyo, inasema hiyo siyo poti, inakufa. Andika hivi bila mabano:

CMD exec gunicorn --bind 0.0.0.0:$PORT main:app

Na jamani fungueni logi, kumbukumbu za kilichotokea ndani ya apu. Lile neno jekundu ni la juu juu tu, sababu yenyewe iko kwenye logi mistari miwili mitatu chini yake, mara nyingi ni laibrari umeisahau kwenye requirements.txt, orodha ya laibrari za kusakinishwa.

Nina apu ya kuuza mitumba. Picha za nguo nikipakia zinaonekana vizuri, kesho yake asubuhi hazipo, oda za SQLite (databesi ya faili moja ndani ya apu) nazo zimefutika. Nimehakiwa?

Hapana dada, hakuna mtu kakuhaki. Ile kontena siyo nyumba yako, ni gesti. Ukitoka wanafagia, ulichoacha juu ya kitanda hukikuti. Wageni wakikatika Cloud Run inaiua kontena, inaweza kuivumilia imekaa bure hadi dakika 15 hivi, na akija mgeni mwingine inawashwa mpya kabisa kutoka kwenye imeji uliyojenga, yaani nakala ya apu ya siku ya kudiploi, ambayo haina picha zako. Tena diski ya mle ndani kwa kawaida ni RAM, kwahiyo kila picha unayopakia inakula memori ile ile ya apu, ukiwa umeiachia ile ya mwanzo ya MiB 512 utashangaa inaanguka ovyo bila sababu ya kueleweka.

Picha peleka Cloud Storage, stoo ya mafaili ya Google, kwenye databesi hifadhi jina la faili tu. SQLite iache kwenye laptop ya majaribio, za wateja tumia Postgres au MySQL iliyokaa pembeni. Oda zilizopotea ndo basi tena, labda kama wateja wana meseji za malipo uzijaze upya kwa mkono.

Wateja wangu wote wako Dar. Apu nimeiweka Johannesburg, databesi iko Ubelgiji kwa sababu niliianzisha zamani. Mbona nzito hivi?

Umejijibu mwenyewe mzee. Google wana rijini (eneo lenye seva zao) ya Johannesburg tangu 2024, inaitwa africa-south1, na kuisogeza apu karibu na wateja ni wazo zuri, ila umesogeza nusu. Piga hesabu: tuseme kwenda na kurudi Ulaya ni milisekunde 150, na ukurasa wako mmoja unaiuliza databesi mara 30, moja baada ya nyingine. Hizo ni sekunde nne na nusu mteja anaangalia kiduara kinazunguka. Mgeni anasafiri mara moja, apu na databesi wanasafiri mara 30, kwahiyo hao wawili ndio wa kukaa pamoja. Ukishindwa kuihamisha databesi leo, bora uirudishe apu Ubelgiji kwanza, kwenye Cloud Run ni kudiploi tu rijini nyingine. Wale wa App Engine, huduma nyingine ya Google ya kuendesha apu, ndo wana kazi, rijini ukishaichagua kwenye projekti haibadiliki, unaanza projekti mpya.

Nenosiri la databesi nimeliweka kwenye app.yaml, faili la mipangilio ya App Engine, rafiki yangu ananitisha. Repo (folda ya kodi yangu) iko wazi GitHub lakini nimeshalifuta.

Rafiki yako yuko sahihi. Ulilifuta kwenye faili, kwenye historia ya git bado lipo na mtu yeyote analisoma. Badilisha nenosiri leo, sasa hivi, acha kusoma kwanza. Ukirudi, jipya liweke Secret Manager, sanduku la siri la Google, apu ilisome kutoka humo.

Naogopa bili. Nimeweka bajeti ya dola 20, itajizima ikifika?

Haijizimi. Bajeti inakutumia imeili tu, gari linaendelea kutembea. Weka --max-instances, kikomo cha idadi ya kontena, kwa biashara ndogo hata 3 inatosha maana kontena moja kwa kawaida inapokea maombi hadi 80 kwa wakati mmoja. Na inaiokoa databesi pia, Postgres ambayo mipangilio yake haijaguswa inaruhusu miunganisho 100, kontena 20 zikifungua kumi kumi zimeshaivunja.

Bosi anataka tudiploi Ijumaa jioni.

Diploi na --no-traffic --tag jaribio. Inapanda, inapata linki yake ya pembeni, wateja wanabaki kwenye ya zamani. Jumatatu mkiwa wote macho ipeni hiyo mpya asilimia 10 ya trafiki, yaani ya maombi ya wateja. Bosi mwambie imeshapanda, hujamdanganya.