Tulipalilia karoti, sasa mwenyeji hatutaki

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Sisi ni wafanyakazi 22 wa ofisi moja hapa Dar es Salaam. Mwaka jana tulikwenda Mgeta, Morogoro, kujitolea siku nzima kwenye shamba la mama mmoja wa kilimo hai. Tulipalilia karoti, tukapiga picha, tukala, tukaagana vizuri. Mwaka huu nimempigia mara tatu, anajibu "tutaona" tu. Je, tutafute shamba lingine? – Katibu wa kikundi

JIBU: Marahaba, Katibu. "Tutaona" ya mwenyeji ni "hapana" iliyojifunga kanga. Kabla ya kutafuta shamba lingine, turudi kwenye hizo karoti. Karoti changa ina majani membamba kama uzi, na jirani yake gugu naye vivyo hivyo. Aliyezoea huwatofautisha bila kuinama. Ninyi mlizoea kompyuta. Niliwahi kupokea wanachuo 30, wakanipalilia giligilani. Walipoondoka matuta manne yalikuwa meupe! Sikuwaambia kitu, maana mgeni hakaripiwi, na bado wanadhani walinisaidia.

Tena mmesema mlikula. Nani alipika? Mimi siku ile sikushika jembe kabisa, nilishinda jikoni na binti zangu wawili, na kuni za wiki ziliisha.

Watu wengi wa siku moja wapewe kazi inayotaka mikono mingi na isiyohitaji jicho la mkulima. Kwangu hiyo ni mboji, yaani mbolea ya majani na samadi vilivyorundikwa vikaoza. Biwi moja la maana, upana na kimo kama mita moja na nusu, linanimaliza siku kadhaa nikiwa peke yangu, kwa sababu kazi yenyewe ni kubeba: nyasi, mabua, samadi, maji ya ndoo kupanda mlima. Watu 22 mnalimaliza kabla ya jua la saa sita. Chini mnatanguliza mabua magumu ili hewa ipite, kisha majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo wa juu na majivu ya kunyunyiza tu, mnamwagilia, mnaanza tena. Msilifanye dogo kwa kuchoka, biwi dogo halishiki joto. Katikati chomekeni mti mrefu. Baada ya siku chache mama huyo akiuchomoa na kuushika, ukiwa wa moto anajua kazi yenu imekubali. Mkimaliza na nguvu zipo, kateni nyasi za matandazo, za kufunika udongo.

Lakini msiende na mpango wangu mkononi kama amri. Milima hiyo ya Uluguru ina kumbukumbu zake. Enzi za Mwingereza watu walilazimishwa kuchimba ngazi mashambani kuzuia mmomonyoko. Udongo mbaya wa chini ukaja juu, mavuno yakashuka, na mwaka 1955 zikazuka ghasia hadi mpango ukaachwa. Leo wapo wakulima wa huko wanaochimba ngazi kwa hiari yao na wanazisifu. Ngazi ni zilezile.

Basi mpigie mara ya nne, ila usiulize "tuje lini?" Anza na samahani ya karoti, hata kama hakulalamika. Muulize kazi gani imemshinda kwa uchache wa watu, na siku gani kwake si ya soko. Mwambie mtakuja na chakula kilichopikwa, maji yenu na makoleo ya kuazima, maana hakuna mkulima mwenye makoleo 22.

Biwi hugeuzwa baada ya wiki mbili au tatu. Watatu au wanne wenu wakirudi siku hiyo bila kamera, mama ataanza kuwapigia yeye. Na mkiondoka nunueni karoti zake kwa bei ya sokoni, msiombe nyongeza.