Mwenzako wa dozi akikwambia umepona, mkimbie

Mkuu, usiende huko Tandahimba. Salamu baadaye. Nimesoma swali lako mara mbili: mko wagonjwa sita wa TB hapo Mikindani, mnataka kuanzisha kikundi cha kufarijiana, halafu mwishoni, kama jambo dogo, umechomekea kwamba mmoja wenu kaacha dawa mwezi wa tatu wa dozi, kanenepa, na wewe unafikiria "kupumzika" dawa kama yeye, uende korosho Tandahimba hadi msimu uishe. Dogo hilo? Mimi nimeshaungua nalo.

Mwaka 2014 nilikuwa na mwenzangu wa benchi kliniki, tukiitana Jirani. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi ananibipu: nimemeza, meza na wewe. Nami nambipu. Salio haliliwi. Tulikuwa tunacheka mikojo yetu ilivyogeuka rangi ya chungwa. Miezi miwili ya dawa nne ikaisha, kikohozi kikakata, suruali zikaanza kubana. Oktoba tukaenda kuokota korosho kwa mjomba wake. Mtandao hakuna, bipu zikakoma. Wiki ya kwanza tukameza. Ya pili Jirani akaniambia, "Swahiba, mgonjwa gani anabeba gunia?" Nikamjibu, "Umenawiri bwana, hata mimi nakuona." Nilikuwa namtia moyo. Kwa mdomo wangu huu huu.

Na yule bwana wa kipaza sauti! Amesimama gulioni na chupa zake, eti dawa za hospitali zinaunguza ini, yake inasafisha. Elfu kumi na tano. Yaani dawa ya bure tumeiacha kwenye mfuko wa rambo, tukanunua maji ya muarobaini yaliyotiwa sukari. Baadaye nilisikia kahamia kuuza sumu ya panya. Naamini panya wake wamenenepa.

Februari nikatema damu. Kipimo kikasema TB sugu, zile dawa za mwanzo haziwashiki tena wadudu. Nikapelekwa Kilimanjaro, barakoa usoni, mtoto wa pwani kwenye baridi ile. Sindano kila siku miezi minane, vidonge hadi mwezi wa ishirini. Makalio yakawa kifumbu cha kuchujia nazi. Sindano zile zikala masikio: sauti nyembamba zote zimepotea. Kengele ya baiskeli siisikii, wajukuu wakininong'oneza naitikia tu. Mbu nao siwasikii, kwa hiyo nalala kuliko ninyi nyote. Siku hizi TB sugu inatibiwa kwa vidonge, sindano zile zimeachwa. Usiende kuhakikisha.

Jirani hakutaka kupimwa. Alisema anasubiri kwanza malipo ya korosho. Malipo yalipotoka aliyapokea mkewe.

Kwa hiyo kikundi chenu kiwe na sheria moja, hata kama hamna katiba wala mhuri: marufuku kumwambia mwenzako amepona. Hilo litasemwa na makohozi yake, maabara, dozi ikiisha. Kazi ya rafiki ni kuuliza "umemeza?" kila siku mpaka achukiwe. Akinuna, anune. Kumsifia kanenepa waachieni mashemeji. Na kama korosho ni lazima, maana najua njaa haina kliniki, nenda uage, wakuandikie uhamisho wa kituo cha karibu na shamba. Dawa ni zile zile na huko pia ni bure. Mimi niliona aibu kuaga. Aibu ya nini, mpaka leo sijui.

Uliuliza mkutane wapi: chini ya mwembe, nje, penye upepo. Mchango msichangishane kwanza, hela ndiyo inavunja vikundi. Swali lako la nne nimelisahau, nadhani lilikuwa la mwenyekiti.

Huyo aliyeacha dawa, namba yake unayo? Mbipu sasa hivi. Asipojibu, mfuate kabla gari la Tandahimba halijaondoka.