Kadi ya fedha, begi la juu na pawabenki: abiria wanauliza

Barua za mwezi huu zimekuja na hasira. Wengi mnalilia maili zenu, yaani pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa wasafiri wao wa mara kwa mara, wachache mna mapendekezo ya usalama angani. Nimechagua tano.

Nimepanda British Airways kwenda London kwa miaka tisa, mara nne kila mwaka. Sasa kadi yangu ya uanachama ya daraja la fedha (chini ya dhahabu) imenitoka, eti wanahesabu paundi nilizolipa na si safari nilizokwenda. Hii si dhuluma? (Nairobi)

Ndugu yangu, kisheria una kesi nyembamba, kwa kuwa masharti uliyoyakubali siku ya kujiunga yanawaruhusu kuyabadili. Uchungu wako lakini naujua. Mimi mwenyewe niliwahi kutunza maili za shirika moja kwa ajili ya kumpeleka mama Umra, nikaamka siku moja nikakuta tiketi ileile inataka karibu maradufu.

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, kila paundi ya nauli yako, ukiondoa kodi za serikali, inakupa pointi moja ya daraja. Shaba ni pointi 3,500, fedha 7,500, dhahabu 20,000. Wateja walipopiga kelele wakaongezewa mlango wa pili: ukiruka mara 50 kwa mwaka nayo inakupa fedha. Wewe kwenda na kurudi mara nne ni miruko minane, kwa hiyo mlango huo haukufai. Delta ya Marekani ilijaribu mambo kama hayo Septemba 2023. Mkuu wake, Ed Bastian, akakiri kwamba walizidisha, na mwezi uliofuata wakalegeza baadhi ya masharti, ila kuhesabu dola hawakuacha.

Na kwa nini hawaogopi kutuudhi? Maili zimekuwa bidhaa. Shirika linaziuza kwa mabenki ya kadi za mkopo, na benki inawagawia wateja wake, hata wale wasiopanda ndege ila Krismasi. Mwaka 2020, ndege zikiwa zimelala kwa ajili ya korona, United ya Marekani iliweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus, ikapata mkopo wa dola bilioni 6.8. Benki inayonunua maili ndiyo inayosikilizwa, mimi na wewe tunafuata. Ushauri wangu: zitumie ulizo nazo mwaka huuhuu, kisha nunua tiketi kwa bei na saa inayokufaa, bila kujali nembo iliyoko mkiani.

Shirika la ndege la Southwest walikuwa wanatuchukulia mabegi mawili bure. Sasa wanatoza, na mimi kila kitu nakisokomeza kwenye begi la mkononi. Nakosea? (Dallas)

Hukosei, dada, na hauko peke yako. Tozo ilianza kwa tiketi zilizokatwa kuanzia tarehe 28 Mei 2025. Ila soma na jibu linalofuata, maana mabegi hayo yote yanaishia juu ya vichwa vyenu.

Nina pendekezo. Makabati ya juu yajifunge kwa umeme ndege inapopaa na kutua, ili watu wasibebe mabegi wakati wa kukimbia moto. (Mombasa)

Wazo zuri, na si la kwanza kusikika. Hofu yangu ni yule bwana atakayesimama katikati ya njia akivuta kabati lisilofunguka, na nyuma yake watu mia. Mtengenezaji wa ndege anatakiwa athibitishe kwamba ndege iliyojaa inaweza kuachwa tupu ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hesabu hiyo haina nafasi ya kuvuta begi.

Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikashika moto. Watano kati ya sita wa ile ndogo walikufa. Katika ile kubwa walitoka watu wote 379, na mabegi yakateketea humo ndani.

Sisi tuna tatizo letu. Pasipoti, dola za ada ya mtoto, dawa za presha, vyote viko ndani ya begi, basi nani atamwambia mtu aliache? Tafuta kipochi cha kuvaa shingoni, uweke humo hati na dawa. Ukivivaa mwilini, begi litakuwa nguo tu.

Pawabenki yangu ni mAh 20,000. Wataichukua? (Muscat)

Zidisha 20,000 kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000: unapata saa-wati (Wh) 74, kipimo cha nishati iliyomo. Kikomo cha kawaida ni 100, kwa hiyo uko salama, ila ikae kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Ukipanda Emirates, tangu Oktoba 2025 ni moja tu kwa kila abiria na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege. Usiiweke kwenye kabati la juu. Moto wa ndege ya Air Busan, Januari 2025, ulianzia huko, na wachunguzi wa Korea Kusini wakaishuku pawabenki.

Maelezo ya jaketi la kuokolea nimeyasikia mara mia. Kuna ubaya nikilala? (Dar es Salaam)

Novemba 1996, ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, kisiwa cha Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, baadhi yao kwa sababu walijaza majaketi upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwabana kwenye dari, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Kamba ya kujaza upepo inavutwa ukiwa mlangoni, unatoka.

Sikiliza maelezo, lala baada ya hapo. Kabla ya kulala, hesabu safu za viti mpaka mlango wa dharura, mbele na nyuma, kwa sababu kwenye moshi utazipapasa kwa mkono.