Makala nzuri za sayansi usizitafute peke yako, zungusheni zamu

Kuna msomaji kaniandikia inbox anauliza makala za sayansi nazitoa wapi, maana yeye kila akitafuta anakutana na simu mpya na dawa za kupunguza tumbo. Ndugu yangu, mimi sitafuti, naletewa!

Tuko wachache, mwalimu wa baiolojia, nesi, fundi umeme na mimi wa maabara, tunasoma kwa mtindo wa upatu. Wiki ikiwa zamu yako unatuma kwenye grupu makala tatu nne, na chini ya kila moja unaeleza kwa maneno yako kwa nini tuisome. Wala sio jambo jipya, daktari William Osler alianzisha kundi la namna hii pale chuo kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, mwaka 1875, wagawane majarida ambayo mtu peke yake asingemudu kuyanunua.

Sasa sikia zamu ya fundi umeme. Alituletea yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki porini. Utafiti wa 2016 kule Niassa, Msumbiji, ulionyesha warina asali wa Kiyao wakiita "brrr-hm" ndege anawaongoza mara 66 kati ya 100, ikipigwa sauti nyingine inashuka mpaka 33. Halafu 2023 wakalinganisha na huku kwetu Tanzania kwa Wahadzabe, ambao wanaita kwa mluzi, wakakuta ndege wa huku anaitikia mluzi zaidi na wa Niassa anaitikia mwito wa Wayao zaidi, yani ndege wa aina ileile kila mmoja anajua lugha ya watu wake! Mimi na maabara yangu yote nisingeifungua makala ya ndege hata siku moja, nimeipata kwa fundi.

Bosi wangu mmoja wa zamani aliwahi kuniambia mbele za watu hizi ni stori za vijiweni, nitafute cheti kingine. Iliniuma na bado inaniuma. Leo vijana wa kazini wakikwama wanakuja kuniuliza mimi, na mengi ninayowajibu nimeyapata humohumo kwenye zamu.

Kwahiyo anzeni. Chukua watu wa kazi tofauti, narudia, kazi TOFAUTI, mkiwa wote manesi mtaletewa ya manesi tu. Mwenye zamu aandike mwenyewe, asitupe linki tupu akakimbia, na akisema yuko bize mwambieni alete hata moja.