Laiki nyingi, wateja hakuna

Ndugu, umesema unaposti mabegi unayoshona kila siku Facebook, Instagram na TikTok, laiki zinakuja ila wateja hawaji. Naona umejitawanya mno. Waulize wateja ulionao wanashinda mtandao gani, uanze na huo mmoja. Jiwekee lengo linalohesabika, mfano watu 20 wakuulizie bidhaa kwa mwezi.

Halafu onyesha kazi yenyewe: video fupi ya mkono ukishona zipu, kisha begi likifungwa. Na bei iandike, tafadhali! Hiyo "bei njoo inboksi" inachosha watu, wanapita tu. Ukiwa na akaunti ya biashara Instagram, takwimu zitakuonyesha wafuasi wako wako hewani saa ngapi. Matangazo ya kulipia yasubiri mpaka ujue posti ipi inaleta maswali.