Kabla ya kumfundisha mtoto kuweka benki, mfundishe kutoa

Idi moja, binti yangu akiwa na miaka 7, alizunguka na wenzake hapa Mikindani, Mtwara, nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu. Magharibi akarudi na shilingi 8,500. Nikamwambia kile ambacho mama zetu walituambia sisi: "Lete nikutunzie." Akanipa bila kusita, noti zimekunjwa zikawa kama karanga, sarafu zimelowa jasho la kiganja. Haikupita wiki mbili nyumbani tukaishiwa, nikazitumia. Nilijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Shule zilipofunguliwa akaniomba hela yake akanunue mkebe wa hesabu. Nikamwambia nitakupa. Akauliza tena, nikamwambia nitakupa. Alipouliza mara ya tatu nilimkaripia, na baada ya hapo hakuuliza tena.

Idi iliyofuata hakuniletea hata mia. Sikujiuliza kwa nini. Mvua zilipoanza, siku moja nikawa nafagia chumba chao, nikavuta boksi la viatu lililokuwa chini ya kitanda, likabaki mkononi nusu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu, sarafu kadhaa, na noti ya 2,000 iliyoliwa ikabaki kichwa cha simba na kipande cha pembeni. Alipotoka madrasa nikamwonyesha, nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, hela hazifichwi hivi, zinapelekwa benki." Akalitazama lile boksi, kisha akaniuliza, "Benki wakichukua, wanarudisha?"

Swali lile ndilo lililonifanya nianze upya, na ndilo ninaloandikia leo. Wazazi wengi tunapotaka kumfundisha mtoto mambo ya benki tunaanza na kuweka: weka akiba, usitumie, fikiria kesho. Lakini mtoto ambaye kila hela aliyompa mtu mzima haikurudi, ukimwambia aweke benki amesikia "lete nikutunzie" nyingine, safari hii ya watu wasiomjua kabisa. Akiba inasimama juu ya imani, na imani ya mtoto kwenye hela inajengwa siku anayoidai akapewa.

Kwa hiyo kwanza nilimlipa deni. Zile 8,500 za Idi ya mwanzo nilimhesabia mkononi, nikamwomba radhi. Kisha nikanunua daftari dogo, nikachora mistari: tarehe, ameweka, ametoa, salio. Nikamwambia kuanzia leo mimi ni benki yako, na sharti la benki hii ni moja tu. Ukija kudai, unapewa siku hiyohiyo, bila kuulizwa unaenda kununua nini.

Sharti hilo lilinitesa. Jioni akaweka 8,000. Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha moto wa chai, amesimama mlangoni anataka zote. Nilitamani sana kumwambia "tulia kwanza, utazipoteza." Nikamhesabia. Akaandika kwa mkono wake 8,000 kwenye safu ya ametoa, salio 0, akaondoka nazo. Zilikaa mfukoni mwake mpaka saa 10 jioni, akazirudisha 7,800. Juma lile aliweka na kutoa mara 5. Juma la pili mara 2. Baada ya hapo alikuwa akija kulifungua daftari, anaangalia salio, analifunga, anaondoka kucheza. Ndugu mzazi, usiiruke hatua hii, na usiifupishe. Ukishindwa kumlipa mara moja tu, hata kwa sababu ya kweli, unarudi mwanzo. Hizo hela ziweke mahali pake, usizichanganye na za matumizi.

Baada ya miezi mitatu hivi ndipo nikaanza kumweleza benki yenyewe, na hapo korosho zilinisaidia kuliko kitu chochote. Babu yake ana shamba Tandahimba, na alikuwa amempa mjukuu mkorosho mmoja kuwa wake. Msimu ukifika tunakwenda, anaokota za mti wake, anazitenganisha na bibo kwa mkono wake, zinaanikwa, zinapimwa pamoja na za babu kwenye chama cha msingi. Nikamwambia tuufuate mzigo huu tuone unaishia wapi.

Mkoani Mtwara korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008. Mkulima anapeleka AMCOS, yaani kile chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, anapewa karatasi yenye idadi ya kilo, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada wa chama kikuu, ambacho kwa Tandahimba na Newala ni TANECU. Mnunuzi akishalipa, fedha zinashuka mpaka kwenye akaunti ya mkulima. Binti yangu alikuwa ameyaona yote hayo tangu akiwa mgongoni, ila hakuna aliyewahi kumweleza.

Siku tunarudi mjini akaniuliza swali ambalo nadhani kila mtoto analo: "Nikipeleka noti yangu benki, watanirudishia ileile?" Nikamuuliza, korosho za babu zilipomwagwa ghalani pamoja na za watu wa kijiji kizima, babu alizijua zake? Akasema hapana. Babu alidai zake? Hapana, alidai kilo zake. Basi na benki ni hivyo. Noti yako inachanganyika na za wengine, karatasi inasema ni kiasi gani chako. Ile stakabadhi ya babu ndiyo salio lako. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo ukipoteza karatasi korosho bado zipo." Nikajua ameelewa.

Anayeishi mahali pasipo mikorosho karibu, anaweza kutumia ufuta. Mtoto anahitaji kitu alichokishika kwa mkono.

Akauliza pia, hizo hela zikikaa huko zinafanya nini? Nikamwambia hazikai. Benki inampa mtu mwingine akanunue bodaboda au bati, naye anarudisha kidogokidogo na nyongeza. Kwa nyongeza hiyo benki inalipa wafanyakazi wake, inapata faida, na kwa akaunti nyingine inamgawia aliyeweka. Tuseme inatoa 3 kwa kila 100 kwa mwaka, uliyeweka 100,000 unakuta 103,000. Sisi ni Waislamu na riba hatuli, na wengi wa pwani hii ya kusini ni hivyo, kwa hiyo sikumwachia hapo. Nilimwambia zipo huduma zinazofuata sharia, kama Amana Bank, au Al Barakah ya CRDB, ambako hela ama inawekwa kama amana ama inaingia kwenye biashara na faida kugawanywa kwa makubaliano. Nataka ajue mapema kwamba benki zipo za namna zaidi ya moja na mteja ana haki ya kuchagua. Na kwa akiba ndogo ya mtoto, kinachomgusa zaidi ni makato kuliko riba au faida.

Hapo kwenye makato nilikosea. Akaunti ya kwanza niliyomfungulia ilikuwa ya kawaida, kwenye benki moja ya mjini ambayo sitaitaja, kwa sababu ilikuwa karibu na kituo cha daladala. Sikuuliza. Tuliweka 20,000, miezi ikapita, tukaenda kuangalia salio, imepungua. Akanitazama kwa macho yaleyale ya mkebe wa hesabu. "Nani katoa?" Nilirudi dirishani kuuliza, nikajibiwa harakaharaka kwamba ni gharama za kila mwezi na zimo kwenye fomu niliyosaini. Kweli zilikuwemo, kwa maandishi ya sisimizi. Nilimweleza mwanangu kuwa ni kama makato ya korosho, babu naye anakatwa ushuru na gharama za kusafirisha kabla hajapata chake. Ila babu anaambiwa kabla. Mimi sikumwambia yeye, maana sikuuliza.

Zipo akaunti zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto, kama Mtoto Akaunti ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB, na benki nyingine nazo zina za kwao. Kabla ya kusaini uliza waziwazi: kuna makato ya mwezi? Kiasi cha chini cha kufungulia ni kipi, na cha kubakiza ni kipi? Anaruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka, na akizidisha inakuwaje? Uliza mtoto akiwa amesimama pembeni yako, asikie. Hilo la kutoa ni muhimu sana kwa mtoto wa namna ya wangu, maana nyingi ya akaunti hizi zinabana kutoa ili akiba ikue. Mweleze kabla ya siku ya kwanza. Ndiyo maana mpaka leo tunaweka sehemu mbili, za karibuni kwenye daftari la nyumbani, za mbali benki.

Kwenda naye benki ni lazima. Beba cheti chake cha kuzaliwa, picha ndogo, na kitambulisho chako cha NIDA, na ulizia kabla kama kuna kingine wanachotaka. Chagua siku. Usiende wiki ambayo malipo ya korosho yameingia, wala mwisho wa mwezi. Foleni inafika nje, wahudumu wamechoka, mtoto atajifunza kwamba benki ni mahali pa kusukumwa. Nenda katikati ya mwezi, asubuhi. Karatasi ya kuwekea fedha ajaze mwenyewe, hata kama mwandiko unapanda mlima. Wangu aliandika "elfu kumi na mbili tu", akaniuliza "tu" ya nini, nikamwambia ni kufuli, ili mtu asiongeze maneno mbele yake. Tulipofika dirishani mhudumu alinyoosha mkono kwangu. Nikamwomba, dada, mwenye akaunti ni huyu. Alicheka kwa wema, akainama, akampokea mwenyewe, akazihesabu mbele yake, akamgongea muhuri. Karatasi ile ameibandika ndani ya jalada la daftari mpaka leo.

Namba ya siri nilichelewa kuifundisha. Nilikuwa na tabia, na najua si mimi peke yangu, ya kumtuma mtoto kwa wakala na simu yangu, namba ya siri nimeiandika kwenye kikaratasi. Mtoto anampa wakala simu na karatasi, anarudi na hela na sukari. Siku moja nilikaa nikafikiri: kwa miaka miwili nimekuwa nikimfundisha kwa vitendo kwamba namba ya siri ni kitu cha kumkabidhi mtu wa dukani. Nimeacha kabisa. Sasa nakwenda mwenyewe, au nasubiri. Nikamweleza kwamba namba ya akaunti unaweza kumpa mtu anayetaka kukuwekea, lakini namba ya siri hapewi mjomba, hapewi mwalimu, hapewi mtu anayesema amepiga simu kutoka benki. Tena mjomba wake alikubali kunisaidia, akapiga simu akijifanya mtu wa kampuni ya simu, anataka namba "kuhakiki taarifa". Mara ya kwanza mtoto alianza kuitaja. Mara ya pili alikata simu. Pia tunasoma pamoja zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinapoingia, anaamua yeye ni za kweli au za wezi, ananieleza amejuaje.

Swali la mwisho kubwa lilikuwa, benki ikifungwa je? Sikumficha kwamba hutokea. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa mpigo. Nikamwambia hapa Mtwara kuna tawi la Benki Kuu, haliweki hela za watu kama sisi, kazi yake ni za serikali na za mabenki yenyewe, na ndiyo inayoyasimamia. Na ipo Bodi ya Bima ya Amana, ambayo benki ikifungwa inamlipa mwenye akaunti mpaka shilingi 7,500,000. Akapiga hesabu mkorosho wake utazaa misimu mingapi mpaka afike huko, akaona bado yuko salama.

Sasa ana miaka 10. Mdogo wake ana 5, na wiki iliyopita alidai naye ukurasa wake. Dada yake ndiye aliyemchorea mistari. Aliweka 200 saa za jioni. Asubuhi akaja, akatoa 200, akaiangalia pande zote mbili, akaweka 200. Baada ya chai akatoa tena. Tumeandika kila mstari.